Waya wa Mita Nne

"Imekufa tena," alisema Karani, na kabla hajaulizwa akaongeza, "Upande uleule wa kushoto. Jana, saa kumi na dakika ishirini na mbili."

Aliitua amplifaya juu ya meza ya kazi, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, kisha akavua kofia na kusimama kando yake kama jamaa wa mgonjwa. Alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama miaka kumi na minne iliyopita, lakini mahakama yenyewe ilikuwa haijamwacha. Hapakuwa na jambo nyumbani kwake, hata birika kuvuja, lisiloandikwa siku, saa na dakika katika daftari la jalada jeusi alilotembea nalo mfukoni.

Mwanamke aliyekaa upande wa pili wa meza aliivuta mashine karibu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na vidole vyenye makovu madogomadogo ya risasi ya kulehemu, na alikuwa akitengeneza redio na amplifaya katika chumba hicho tangu baba yake yu hai. Baba yake ndiye aliyeitwa Fundi. Yeye walimwita Binti Fundi, na waliendelea kumwita hivyo ingawa Fundi mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa kaburini.

"Hii ni mara ya tatu, mwanangu," alisema Karani. "Sikulaumu. Nasema tu kwa ajili ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu imeshashiba, mzee wangu. Hebu niione."

Alifungua skrubu nne, akainua kifuniko, na harufu ikamfikia kabla ya macho kuona. Ni harufu asiyoisahau mtu wa kazi hiyo, ya rangi iliyoungua na bati lililochemka. Transista mbili za upande wa kushoto zilikuwa zimekwenda. Mashine ile ilikuwa na mbili za namna hiyo kila upande, zimefungwa nyuma kwenye mapezi ya bati ya kupoza joto, na upande mmoja ukifa fyuzi hukatika na mashine nzima hunyamaza.

Aina ile ya transista haitengenezwi tena. Zinazouzwa mitaani kwa jina hilo zina maandishi yaleyale juu, ndani uongo mtupu. Alizijaribu mara moja na hazikumaliza hata wimbo. Za kweli, baba yake alimwachia jozi tatu ndani ya kopo la dawa ya kuchua. Jozi ya kwanza ilitumika mashine ilipokufa mara ya kwanza, ya pili ikatumika ilipokufa mara ya pili. Alilivuta kopo kutoka kwenye droo, akalitikisa karibu na sikio ingawa alijua vizuri kilichomo. Ilibaki jozi moja.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza.

Karani aliizungusha kofia mikononi. "Kimya."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Mke wa Karani alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini, na hapakuwa na mtu mzima mjini asiyeijua sauti yake: "Subiri, nakuunganisha." Mwaka jana alipigwa na kiharusi kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Lakini siku moja Karani alipoweka santuri saa kumi jioni, kama walivyozoea tangu ujana wao, yule mama akafuata muziki kwa mguno mdogo wa kooni, mdomo umefumba, na hakukosea hata pindo moja la wimbo. Tangu siku ile, kila saa kumi, aliguna na santuri. Ndiyo sauti pekee aliyobakiwa nayo. Kisha, majuma matano yaliyopita, mashine ikaanza kufa.

"Nilimwimbia mwenyewe jana," alisema Karani. "Akageukia ukutani."

"Kwani unaimbaje, mzee?"

"Kwa haki? Vibaya sana."

Mlangoni kulikuwa na kicheko. Alikuwa jirani wa duka la pili, auzaye spika mpya zenye taa za rangi, na kwa kuwa kila alichouza alikisifu kwa upya wake, mtaa ulimwita Mpya. Aliingia bila hodi, akachungulia ndani ya mashine na kutikisa kichwa.

"Mzee, hata spika yangu ya taa saba mama hakuitaka? Niliyokuazima?"

"Alifumba macho," alisema Karani. "Nadhani ni zile taa."

"Basi sikilizeni ushauri wa bure. Dada, toa utumbo wote huu, weka bodi mpya ya saizi ya kiganja. Nusu saa tu. Sanduku linabaki lilelile, na mzee hatajua tofauti."

"Mzee yuko hapahapa anakusikia," alisema Karani. Lakini alipomgeukia Binti Fundi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ila labda anasema kweli, mwanangu. Mama haangalii ndani. Kama bodi itadumu..."

Maneno hayo yalimchoma Binti Fundi kuliko alivyoonyesha. Baba yake alitengeneza mashine tisa za namna ile kwa mkono wake katika maisha yake yote. Nane zilikwisha kufa, nyingine kwa radi, nyingine kwa maji, nyingine kwa warithi. Hii ndiyo iliyobaki. Na sasa ilikuwa inafia mikononi mwake yeye, na mwenyewe hajui kwa nini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yote, kutojua.

"Nipe leo, baba," alisema. "Kabla ya saa kumi nitakuwa nyumbani kwako na mashine hii, na utumbo wake uleule."

Karani alitoa daftari, akaandika. "Kabla ya saa kumi," alirudia.

"Usiandike kwanza, mzee."

"Nimeshaandika."

Walipoondoka alifunga mlango, jambo asilolifanya mchana. Aliogopa. Jozi moja haina ndugu. Ikiungua, hakuna wa kumwendea tena duniani. Mtu mwenye busara angeiacha ndani ya kopo na kumsikiliza Mpya. Akapiga moyo konde, akawasha chuma cha kulehemu.

Kazi ilimchukua saa mbili. Alipaka mafuta ya kupitisha joto, akakaza kila transista kwa zamu, nusu mzunguko huku nusu mzunguko kule, kama alivyofundishwa. Alipima kila kipande cha upande wa kushoto, kisha akapima tena kinyumenyume. Kisha akaiunganisha mashine na umeme kupitia globu, si moja kwa moja. Hiyo ilikuwa hila ya zamani: mashine ikitaka kujiua kwa kuvuta umeme mwingi, globu inawaka na kuupokea mzigo, na transista zinapona. Globu iliwaka mara moja, ikafifia, ikabaki na uzi mwekundu tu. Mashine ilikuwa nzima. Aliondoa globu, akafunga spika za mezani, akaweka muziki. Saa nzima baadaye aligusa mapezi ya bati kwa mgongo wa vidole, yakawa vuguvugu tu.

Ndivyo ilivyokuwa mara ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa mara ya pili. Hapa mzima, kule maiti. Na kila mara upande wa kushoto. Ajali ya kawaida ingepiga leo huku, kesho kule. Hii ilikuwa na anwani.

Alikaa akaitazama. Nini kiko kule ambacho hakipo hapa? Umeme ni wa mtaa uleule. Santuri haiui mtu. Na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyoona aibu, kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa kwamba hajui. Hajakanyaga chumba kile tangu mama augue. Yeye alikuwa na msemo wake, kwamba mgonjwa ndiye huletwa hospitali. Baba yake hakuwa hivyo. Hakuwahi kumkabidhi mtu mashine dukani. Aliibeba mwenyewe, akaifunga mwenyewe, akanyoosha nyaya nyuma ya kabati mwenyewe, nusu siku nzima imeliwa. Binti yake aliuona upuuzi wa kizee, na mzee alipokufa ndiyo desturi ya kwanza aliyoizika.

Saa nane mchana alifungua mlango.

"Niazime mkokoteni wako," alimwambia Mpya.

"Unaipeleka kuzikwa?"

"Naipeleka kwao. Wewe endelea kuwasha taa."

Alifunga ndani ya kikapu mita ya kupimia umeme, bisibisi, ile globu na kishikio chake, redio ndogo ya betri, na waya wa spika uliokuwa ukining'inia msumarini juu ya meza tangu enzi za baba yake. Akasukuma mkokoteni mwenyewe, mkono mmoja juu ya mashine kila barabara ilipokuwa na shimo.

Chumba cha Karani kilikuwa kirefu na chembamba. Kabati la mashine lilisimama karibu na mlango, na spika ya kulia pembeni yake, hatua moja tu. Spika ya kushoto ilikuwa mwisho kabisa wa chumba, kwenye kichwa cha kitanda, upande wa sikio zima la mama. Mama mwenyewe alikuwa ameegemezwa mito miwili, nywele zimechanwa vizuri. Karani ndiye aliyemchana.

"Shikamoo, mama."

Macho ya mama yalimgeukia. Mkono wa kushoto ulinyanyua vidole viwili juu ya shuka, ukavirudisha. Binti Fundi aliupokea mkono ule, akaushika kidogo, kisha akaenda kupiga magoti nyuma ya kabati.

Hapo ndipo alipouona. Ulitoka mgongoni mwa kabati, ukapita ukutani hadi kitandani: waya mnene kama kidole gumba, uzi mweusi na uzi wa fedha umesukwa kama nywele za bibi harusi, na ncha zake zimevikwa vichwa vya dhahabu. Mwingine wa aina ileile, mfupi, ulikwenda kwenye spika ya kulia.

"Mzee," aliita bila kuinuka. "Huu waya umetoka wapi?"

Uso wa Karani ulichanua. "Kijana wetu aliutuma, yule wa melini. Kwa ajili ya mama yake. Anasema hakuna waya bora kuliko huo. Na ona ulivyo nadhifu! Ule wa zamani ulikuwa umejaa nyuma ya kabati kama utumbo, kila nikifagia unanishika mguu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza habari ya waya," alisema Karani kwa utulivu wa mtu aliyezoea kiapo. "Uliuliza habari ya mashine."

Binti Fundi alirudi kuutazama waya. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mzee huyu hakuficha. Aliona fahari tu, na fahari haikumwonyesha kwamba kuna la kuulizwa. Na yeye mwenyewe hakuuliza. Waya ni waya, ndivyo ambavyo angemjibu mtu yeyote hadi jana.

Alifunga globu kwenye njia ya umeme. Aliwasha ile redio ndogo ya betri, akatafuta stesheni iliyokuwa na mtangazaji akisoma hali ya hewa kwa sauti ya usingizi, akaiweka juu ya amplifaya.

"Redio ya nini?" aliuliza Karani.

"Shahidi," alisema, na Karani akatoa daftari mara moja.

Kwanza alifunga waya wake wa dukani upande wa kushoto, akauvuta hadi spika ya kitandani. Akawasha. Globu ilifumba jicho ikabaki nyekundu. Mtangazaji aliendelea na mawingu yake, upepo mdogo, mvua hapa na pale.

Akazima. Akafunga waya wa dhahabu. Kidole kilisita juu ya swichi, maana jozi ile haikuwa na ndugu. Alimtazama mama, akawasha.

Mluzi ulitoka kwenye redio, mwembamba, mkali, ukammeza mtangazaji mzima mzima. Spika zenyewe zilikuwa kimya kabisa. Globu ilipanda kutoka wekundu hadi njano, kutoka njano hadi nyeupe. Kitandani, mama aligeuza kichwa. Binti Fundi akazima, na mtangazaji akarudi katikati ya sentensi kama mtu asiyejua kwamba aliwahi kuzama.

"Hicho ni nini?" Karani alikuwa amesahau kuandika.

"Hicho ndicho kinachoiua. Mashine inatetemeka, mzee, kwa kasi ambayo sikio letu haliwezi kuisikia. Wewe umekaa hapo unaona kimya, kumbe yenyewe inapiga kelele hadi inaungua. Redio ndiyo inayoisikia."

Alifunga ule mfupi wa upande wa kulia, akajaribu. Mluzi ulikuja mdogo, wa mbali, na mtangazaji alisikika nyuma yake. Basi hilo nalo likajieleza: upande wa kulia uliugua tu, haukufa, kwa kuwa waya wake ulikuwa hatua moja. Wa kushoto ulivuka chumba kizima.

"Basi tutumie waya wa kawaida mfupi," alisema Karani. "Spika ya mama tuisogeze huku, kitanda tukigeuze. Ule wa taa ya mezani si unatosha?"

Waliukata ule wa taa, mita moja. Globu haikupanda sana. Lakini redioni mluzi ulikuja ukaenda, ukaja ukaenda, kama mbu asiyeamua atue wapi. Binti Fundi alikaa kitako sakafuni. Waya wa kawaida, mfupi: hapana. Waya wa kawaida wa dukani kwake: kimya. Aliuchukua ule wa dukani, akaupima kwa kuunyoosha kutoka ncha ya vidole hadi begani, mara moja, mara mbili, mpaka mwisho. Mita nne na shibiri.

Na hapo baba yake akaja. Hakuja kwa ndoto. Alikuja kama kumbukumbu inavyokuja, kwa mkono. Aliuona mkono ule ukipiga mkono wa mteja. Mteja alikuwa ameshika mkasi, spika zake ziko hatua moja kutoka kwenye mashine, na kwa nini awe na rundo la waya nyuma ya kabati? "Ukiukata waya umeikata mashine," alisema baba. Mteja alicheka. Binti, akiwa na miaka kumi na mitano, alicheka pia, na baadaye alimwambia mama yake kwamba baba ni mbishi. Mashine tisa, na kila moja ilitoka na nyaya zake, kila mmoja mita nne na shibiri, usiozidi, usiopungua.

"Hakuweka breki ndani," alisema kwa sauti.

"Nani?"

"Baba. Mashine nyingine zina breki ndani, koili ndogo pale umeme unapotokea. Yeye hakuiweka. Nadhani aliona inaharibu sauti, sijui. Aliifanya waya ndiyo breki. Uwe mrefu, na nyuzi zake mbili ziende sambamba, zisikumbatiane. Huu wa kijana umesukwa, nyuzi zimebanana mamia kwa mamia. Zinaukamata umeme kidogo katikati yao, halafu zinaurudisha kwa kishindo. Mashine yenye breki haijali. Hii inapagawa." Aliushusha waya magotini. "Na aliniambia, mzee. Aliniambia nikacheka."

Karani alikuwa akifungua kurasa za daftari, nyuma, nyuma zaidi. Alipofika alinyoosha kidole.

"Jumatatu," alisoma. "Waya wa kijana umewasili, umefungwa saa tano asubuhi." Akahamia ukurasa wa pili, uliotazamana na ule. "Alhamisi. Mashine imekufa, upande wa kushoto." Alivua miwani. "Vimekaa vikitazamana majuma matano. Mimi ndiye niliyeandika. Nimesoma majalada ya watu miaka thelathini na mbili, la kwangu sikulisoma."

Alikuwa mzee mwenye huzuni ya kweli, na Binti Fundi hakuwa na moyo wa kumtania.

"Tuko wawili, baba," alisema. "Sasa ule wa zamani uko wapi? Wa kwangu ni wa upande mmoja tu, na saa tisa imeshapita."

Karani alikohoa. Akarudi kwenye daftari, akasoma kwa sauti ndogo zaidi: "Waya wa zamani umepewa kazi nyingine."

Kazi yenyewe ilikuwa uani. Nyaya mbili zilikuwa zimefungwa fundo moja katikati na kuvutwa kutoka dirishani hadi nguzo ya ukuta, na juu yake mashuka manne ya mama, foronya, na soksi za Karani, vyote vimebanwa kwa vibanio vya mbao. Binti Fundi alisimama akatazama. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika nguzo.

"Mashine ilikuwa inakufa ndani," alisema, "na dawa yake imebeba soksi nje."

"Ni waya imara," alijitetea Karani.

Waliyatoa mashuka yaliyokuwa bado mabichi, wakayarudisha ndani ya beseni. Fundo lilikuwa limekaza kwa jua na mvua. Alilifungua kwa ncha ya bisibisi, polepole, asichubue. Ncha za shaba zilikuwa zimeota kijani. Ilibidi azikate, upana wa vidole viwili kila mwisho, na kila alipobana mkasi alihisi kama anakatazwa. Alipomaliza akapima. Mita nne na ushei. Sasa aliijua kazi ya ile shibiri: baba yake aliwajua watu, na aliwawekea nafasi ya kukosea.

Alizipitisha nyaya mwenyewe nyuma ya kabati. Wa kushoto ulifika kitandani bila kukaza. Wa kulia ulikuwa mrefu mno kwa hatua yake moja, basi aliulaza ukutani kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, asiuzungushe rundo. Haukupendeza. Alifunga globu mara ya mwisho, akawasha, na mtangazaji akasoma habari za mchezo bila kuguswa na mtu. Dakika tano, kumi. Aliondoa globu, akaunganisha moja kwa moja na umeme. Mapezi ya bati yalibaki baridi chini ya vidole vyake.

"Na kijana?" aliuliza Karani nyuma yake. "Akipiga simu akauliza waya wake?"

"Mwambie ukweli. Ni waya mzuri, kwa mashine nyingine."

"Aliutafuta muda mrefu. Aliutuma ili umfae mama yake." Karani aliuinua ule waya wa kusukwa, mrefu, mzito, akautazama, kisha akatazama beseni la mashuka lililokuwa mlangoni. "Basi umfae," alisema, na akampa.

Saa kumi kasoro dakika moja alitoa santuri kwenye jalada lake, akaipuliza, akateremsha sindano.

Muziki ulijaa chumba. Binti Fundi alikuwa ameusahau muziki wa mashine ile nje ya duka. Ulikuwa na upana, na kila chombo kilikuwa mahali pake. Karani alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, magoti pamoja, akimtazama mke wake mdomoni. Mama alitazama dari. Wimbo wa kwanza ukapita. Wimbo wa pili ukaanza, ule ambao Karani alisema aliufuata siku zote, na uso wa mama ulibaki kama ulivyokuwa.

Binti Fundi aligusa mapezi. Baridi. Mashine ilikuwa nzima na itabaki nzima, aliapa juu ya hilo, na bado haikutosha. Hakukuwa na skrubu nyingine ya kukaza. Hakuweza kuendelea kumtazama Karani.

"Naanika mashuka," alinong'ona, akatoka na beseni.

Uani jua lilikuwa limelegea. Aliufunga waya wa kijana dirishani, akauvuta hadi nguzoni, dhahabu zake zikang'aa. Akatundika shuka la kwanza, akalibana. La pili. Kupitia dirisha alisikia wimbo wa tatu, kisha wa nne, kisha upande ule wa santuri ukaisha, na sindano ikabaki ikikwaruza mwisho wake, krr, krr, krr. Alingoja Karani ainyanyue. Karani hakuinyanyua.

Hapo akasikia. Ilikuwa sauti ndogo, ya kooni, yenye mikwaruzo ya kutotumika, na haikufuata kitu chochote kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kufuata. Ilikuwa imerudi nyuma hadi wimbo wa pili na kuuanza peke yake. Ilikwama mahali, ikanyamaza, ikarudi kidogo, ikapita.

"Fundi!" aliita Karani kutoka ndani, kwa sauti ya kunong'ona iliyovunjika. "Fundi, unasikia?"

Mwanamke uani aligeuka kutazama nyuma yake, kuona nani ameitwa. Hapakuwa na mtu. Alisimama na shuka la tatu mikononi, maji yakimtiririkia viwikoni, na hakulitundika, asije akapiga kelele na kibanio.